Nyumba Yangu Si Ghorofa

Jumatatu, 24 Februari
Mvua tangu alfajiri. Nimekwenda dukani kwa Azizi kununua umeme, nikarudi na uniti chache kuliko alizopata jirani yangu Rosina, aliyetoa fedha ileile mbele ya macho yangu. Nilimwomba Azizi anisomee risiti. Akaisoma, akasita, akaisoma tena.

"Mwalimu, hapa kodi ya jengo imekatwa ya ghorofa."

"Ghorofa la nani?"

"Lako. Mita ni yako." Akacheka. "Hongera. Baba yangu alikuja hapa Mbinga kutoka Lindi akiwa kijana, mpaka leo ukoo wetu hauna ghorofa."

Rosina naye alicheka. Mimi sikucheka. Kodi hiyo hukatwa humohumo kwenye umeme, mara moja kila mwezi: nyumba ya kawaida hulipa kidogo, ghorofa hulipa mara kadhaa ya hicho kidogo. Sijui nimekatwa hivyo tangu lini, kwa kuwa risiti za zamani nimeziwashia moto. Pensheni yangu inaweza kuvumilia. Nisichoweza kuvumilia ni kuandikwa nisivyo.

Jumanne, 25 Februari
Mvua. Nimezunguka nyumba mara tatu nikiitazama.

Alhamisi, 27 Februari
Nimekwenda ofisi ya kodi mjini. Nimepokewa na kijana anayeitwa Ambokile, mtu wa Mbeya, aliyehamishiwa hapa mwaka jana. Aliniamkia vizuri, akanipa kiti, akafungua kompyuta yake.

"Mama, kumbukumbu zinaonyesha jengo lina ngazi mbili. Waliohakiki waliliona wakiwa barabarani."

"Kwa nini hawakupanda hadi mlangoni?"

"Imeandikwa walizuiwa na wenye mashamba."

Hapo nikaelewa. Walikuja Machi mwaka jana, ngolo zikiwa mbichi. Sisi hulima kwenye miteremko mikali kwa kuchimba mashimo mengi yanayopakana, na udongo wa kila shimo hupandishwa ukingoni kufunika nyasi zilizolazwa. Hayo mashimo ndiyo ngolo. Zikiwa mbichi, mtu hazikanyagi, hata akivaa kitambulisho cha serikali shingoni. Kingo zikibomoka, mvua moja huteremsha shamba zima mtoni. Basi walisimama barabarani, wakatazama juu, wakaona safu mbili za madirisha.

Nilimweleza kijana kwamba safu ya chini ni stoo. Marehemu mume wangu alijenga kwenye mteremko kama watu wote. Upande wa mlimani unaingia sebuleni moja kwa moja kutoka uani. Upande wa barabara ardhi inashuka, ikabaki nafasi chini ya nyumba, nasi tukaizungushia mawe tukawa tunaweka kahawa. Ndivyo zilivyo nyumba zote za kilima chetu.

"Zote?" akauliza.

"Zote."

"Basi andika barua ya pingamizi, Mama. Ukitaja nyumba mbili za jirani zinazofanana na yako, itasaidia."

Jumamosi, 1 Machi
Nimeandika barua, nakala mbili. Nimetaja nyumba ya Rosina na nyumba ya shemeji yangu Osward, kwamba zimejengwa kama yangu na zinatozwa kama nyumba za kawaida. Ni kweli tupu. Nimempa dereva wa bodaboda aipeleke.

Jumatatu, 3 Machi
Leo tulikuwa shambani kwa Rosina. Wanaume walikwisha kufyeka na kulaza nyasi, kazi ya kuchimba ni yetu wanawake. Tuko tisa katika ngokela yetu. Leo tunalima kwa huyu, keshokutwa kwa yule, na anayelimiwa anapika. Miaka yangu sabini na mmoja hainiondoi zamuni, ila wananipa sehemu isiyo na mteremko mkali wakidhani sijui.

Habari ya ghorofa ilikuwa imekwisha kutangulia.

"Mwalimu, ukiwa huko ghorofani unatuona sisi wadogo?" alisema Tadea, mke wa fundi baiskeli.

"Anatuona kama sisimizi," alisema Rosina. "Ndiyo maana anatusahihisha kwa sauti kubwa, anadhani tuko mbali."

Walicheka mpaka majembe yakasimama. Nami nilicheka kidogo. Rosina ni mjane kama mimi, ingawa ana miaka hamsini tu, na kwa muda mrefu ndiye mtu wa kwanza ninayemsikia asubuhi, akigombana na kuku wake. Saa ya kula alitupa maharage, ugali na togwa nzito. Muuguzi Dorah, mpangaji wake, alipita akitoka zamu ya usiku, akatuamkia, akaingia chumbani kwake kulala.

Chumba chake kiko chini ya nyumba. Rosina aliondoa kahawa mwaka juzi, akapiga lipu, akaweka dirisha kubwa. Kodi ya pango anayopata ndiyo inayomsomesha binti yake Recho chuoni Songea.

Nimeandika hayo hapo juu kisha nikakaa nikiyatazama.

Jumatano, 5 Machi
Jumatano ya Majivu. Padri alihubiri juu ya ulimi. Mvua kubwa mchana.

Ijumaa, 7 Machi
Shambani kwa Tadea. Rosina aliniuliza ofisi imenijibu nini. Nikasema bado. Hilo pia ni kweli tupu.

Jumatatu, 10 Machi
Sikulala vizuri. Nimejiambia kwamba barua haikusema lolote juu ya mpangaji. Ilisema nyumba zimejengwa sawa, nazo zimejengwa sawa.

Jumatano, 12 Machi
Ambokile amepiga simu. Atakuja Ijumaa asubuhi. Nikamwambia nitamsubiri.

"Nitaanzia kwako, Mama, halafu nitakwenda kwa Osward na kwa Rosina."

"Pingamizi ni langu peke yangu."

"Ndiyo, lakini umesema zinafanana. Lazima nizione. Zikifanana kweli, basi ama zote ni za kawaida, ama zote ni ghorofa."

Nilimuuliza kama naweza kuiondoa ile sehemu ya barua. Alisema kwa upole kwamba barua imekwisha kupokelewa na kugongwa muhuri.

Alhamisi, 13 Machi
Nilikwenda kwa Osward kwanza kwa sababu ni rahisi zaidi. Alikuwa anafunga zizi. Aliposikia, aliweka nyundo chini.

"Shemeji, mimi huko chini ninalaza mbuzi."

"Mwambie hivyo."

"Nitamwambia. Nitamwambia wapangaji wangu hawajalipa tangu Krismasi." Akachukua nyundo. "Ila kwa Rosina, hilo sijui utalisemaje."

Sikujua hata mimi. Nilimkuta Rosina anachambua mbegu za maharage mlangoni. Nilibaki nimesimama. Nikamweleza yote kwa mpangilio: risiti, ofisi, barua, simu. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliendelea kuchambua.

"Uliandika lini?"

"Jumamosi, tarehe mosi."

"Kwa hiyo Jumatatu ulipokuwa unalima kwangu, barua ilikuwa imekwisha kwenda."

"Ndiyo."

"Ulikula maharage yangu, Mwalimu."

Nikamwambia sikutaja mpangaji, na kwamba ukweli wa barua ile hauna kasoro.

"Sijasema ina kasoro," alisema. "Wewe huwezi kuandika kitu chenye kasoro. Ninachouliza ni hivi: kutoka mlangoni kwako hadi mlangoni kwangu ni mbali? Ungekuja, tungezungumza, ningekushika mkono twende wote kwa huyo kijana. Labda ningemhamishia Dorah kule juu kwa muda. Labda ningekubali tu kulipa. Lakini ningekuwa nimejua."

Jibu nililokuwa nalo lilikuwa lile la barua, nami nilikuwa nimekwisha kulitoa.

Ijumaa, 14 Machi
Ambokile alifika saa nne akiwa na viatu vya mpira na futi ya kupimia. Tadea na wengine walikuwa wamesimama kando ya njia kama watu waliopita tu.

Kwangu hakukawia. Alipima, akashuka stoo, akakuta magunia, mapipa na baiskeli ya marehemu. Dari ya stoo ilimgonga kichwani, akasema, "Hapa mtu hawezi kuishi," nami nikasema ndivyo nilivyoandika.

Kwa Osward mbuzi dume alimzuia mlangoni. Osward alisema, "Karibu, huyo ndiye mwenyekiti wa wapangaji," na Ambokile akacheka, akaandika maneno machache, akaondoka.

Kwa Rosina mlango wa chini ulikuwa wazi. Mtu yeyote aliyekuwa barabarani angeweza kuona kitanda kilichotandikwa, pazia la maua na sare nyeupe ya muuguzi ikining'inia ukutani. Rosina hakuwa ameficha kitu. Alisimama pembeni amekunja mikono.

Ambokile alitazama chumba, akatazama karatasi, kisha akanigeukia mimi.

"Mama, humu anaishi mtu?"

Rosina alinitazama, si kwa hasira, bali kama mtu anayetaka kujua tu.

"Mwenye nyumba yupo hapa," nilisema. "Muulize yeye."

Nilidhani hilo ndilo jibu la haki. Sikusema uongo, wala sikumsema mtu. Lakini mara tu lilipotoka kinywani nilisikia lilivyokuwa: mtu anayenawa mikono.

"Anaishi," alisema Rosina. "Anaitwa Dorah, ni muuguzi, analipa kila mwezi. Mwalimu anamjua, hupimwa naye presha Jumapili."

Ambokile aliandika. Alionekana hapendi anachoandika. Tuliporudi hadi kwenye pikipiki yake alinivuta kando kwa heshima, akaniuliza umri wangu. Nikamwambia.

"Na unaishi mwenyewe katika nyumba yako, hupangishi?"

"Sipangishi."

"Mama, kwa umri huo ungeomba tu msamaha wa wazee. Tungekufutia kodi yote. Isingehitajika hata kutaja nyumba ya mtu mwingine."

"Mbona hukuniambia siku ile?"

"Siku ile uliniambia umekuja kurekebisha kosa," alisema. "Hukuniambia umekuja kuomba msamaha."

Alinijazisha fomu ya msamaha, akaondoka. Watu nao wakaondoka, mmojammoja, bila kuniaga.

Jumapili, 16 Machi
Kanisani benchi letu lilikuwa na nafasi kubwa pande zangu zote mbili. Presha sikupima.

Jumatatu, 17 Machi
Nyasi zangu zimelazwa tayari. Osward na kijana wake walizimaliza wiki iliyopita. Kesho ni zamu yangu ya ngokela. Nimeloweka maharage sufuria kubwa, nimekoroga togwa. Mbegu ziko kwenye ungo. Tadea nilikutana naye kisimani, nikasema, "Kesho kwangu." Akasema, "Sawa, Mwalimu." Alisema akitazama ndoo.

Jumanne, 18 Machi
Hakuna aliyekuja.

Jumatano, 19 Machi
Hasira. Nimejiambia maneno mengi ambayo sitayaandika. Tangu lini anayedai haki yake akawa mwizi? Nimelima kwa wote hao. Nimewafundisha kusoma wanne kati yao.

Kisha nikala maharage ya jana, ya watu tisa, peke yangu.

Alhamisi, 20 Machi
Nimechimba mwenyewe kuanzia asubuhi. Ngolo saba. Shamba linahitaji mia kadhaa. Mgongo unauma. Maharage yasipoingia ardhini kabla ya mwisho wa mwezi, mvua itayaacha njiani, na chakula changu cha mwaka ni hayo.

Ijumaa, 21 Machi
Ngolo nne. Usiku mvua ilibomoa mbili za jana.

Jumatatu, 24 Machi, Liuli
Nimeshuka ziwani kwa mdogo wangu Margareta, kwa kisingizio cha macho. Hapa ni joto, na kila mtu ananuka samaki. Hospitalini walinitazama macho, wakasema miwani yangu bado inatosha. Margareta aliniandalia mbasa, akanisikiliza huku akitoa miiba ya samaki wangu kana kwamba mimi ni mtoto.

"Ulimwambia kabla ya kuandika?" aliuliza.

"Haki ilikuwa yangu."

"Dada, sijauliza haki ya nani."

Akaendelea, "Mimi nikiwa mdogo, nikivunja chungu, nilikuwa nakimbilia kwa mama kabla hujafika wewe. Si kwamba ungedanganya. Ungesema kama kilivyovunjika, neno kwa neno, halafu ungekaa umenyooka ukisubiri kusifiwa."

"Nilikuwa nikisifiwa?"

"Daima. Mimi ndiye niliyechapwa."

Alicheka. Hana kinyongo, na hilo lilinisumbua kuliko kama angekuwa nacho. Nilikusudia kukaa wiki. Narudi kesho.

Jumatano, 26 Machi
Nyumbani. Mlima umejaa ukungu. Mashamba ya watu karibu yote yamekwisha kupandwa. Langu linaonekana kutoka mbali kama kiraka.

Alhamisi, 27 Machi
Ujumbe umekuja kwenye simu: jengo langu limerekebishwa, ni nyumba ya kawaida, na ombi la msamaha wa wazee linashughulikiwa. Nilikwenda kwa Azizi kununua umeme. Uniti zimekuja kamili.

"Umewashinda, Mwalimu," alisema.

"Nimewashinda nani?"

Alipanga vibiriti ambavyo vilikuwa vimekwisha kupangwa. Baadaye alisema kwamba Rosina alikuwa amepita jana, naye amekatwa ya ghorofa. Alipoyaona makato hayo alisema tu, "Haya," akaweka simu kwenye khanga, akaenda zake.

Jumamosi, 29 Machi
Asubuhi nilisikia jembe shambani kwangu. Nilitoka nikamkuta Rosina. Alikuwa peke yake, amekwisha kumaliza mstari mmoja.

Niliamkiwa. Aliniambia "Shikamoo, Mwalimu," kama kawaida, nami nikaitika, naye akarudi kuchimba. Nilichukua jembe langu nikaanzia mwisho mwingine. Tulichimba hivyo asubuhi yote. Nilimletea togwa, akainywa amesimama, hakukaa hata kidogo. Saa ya kula alisema hana njaa.

Alipanda mbegu nyuma yake mwenyewe, akafunika. Jioni sehemu kubwa ya chini ilikuwa imekwisha. Alipangusa jembe kwa majani.

"Ulinilimia siku moja," alisema. "Mimi nimekulimia siku moja. Sasa hatudaiani."

Nikamshukuru. Aliondoka, nami nikaingia ndani nikiwa nimeridhika kwa muda kama wa kuvua viatu. Kisha nikayasikia maneno yake sawasawa.

Tangu nilipoolewa katika kilima hiki sijawahi kusikia mwanamke wa ngokela akimwambia mwenzake hivyo. Huwa tunadaiana daima. Huyu ana siku mbili kwangu, mimi nina moja kwa yule, nusu imeliwa na msiba, nyingine na ugonjwa, wala hakuna anayetaka hesabu iishe, kwa sababu ikiisha hakuna sababu ya kesho kubisha mlango wa mtu. Anayelipa yote anahama au anazika urafiki.

Rosina hahami.

Jumapili, 30 Machi
Sikuweza kutulia kanisani, wala mezani, wala kitandani. Nilianza kumwandikia Rosina barua. Nilipofika mstari wa tatu nikaona ni nzuri sana. Nimeichana.

Jumatatu, 31 Machi
Sehemu ya juu ya shamba la Rosina, kwenye mteremko mkali karibu na migomba, nyasi zake zililazwa lakini hazikuchimbwa. Alikuwa ameiachia siku ambayo ngokela ingerudi kwake.

Nilikwenda kabla ya jua kutoka. Mbwa wake alibweka. Nikaanza kuchimba. Mahali pale mguu mmoja hukaa juu ya mwingine, na kila ukiinua jembe unadhani utashuka nalo hadi barabarani. Nilikuwa katika ngolo ya tatu mlango wa juu ulipofunguka.

"Nani huyo?"

"Mimi."

Alikuja akiwa na khanga begani, akasimama juu yangu.

"Nani amekuita?"

"Hakuna."

"Nilikwambia hatudaiani."

"Nimekusikia. Ndiyo maana nimekuja."

Niliendelea kuchimba kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kumtazama. Nilimwambia nikiwa nimeinama kwamba nilipaswa kuja mlangoni kwake kabla ya kushika kalamu. Nilimwambia pia kwamba siku ile mbele ya Ambokile nilipaswa kusimama upande wake, hata kama ningesema neno lilelile. Sikuongeza "lakini". Lilikuwapo, nikalimeza.

"Kodi ile itabaki palepale," alisema.

"Najua."

"Recho itabidi arudi na basi la usiku, lile la bei nafuu."

"Najua."

Aliingia ndani. Nilidhani yamekwisha. Akarudi na jembe, akaanzia mstari wa juu yangu, hivyo udongo wake ulikuwa unanimwagikia miguuni, na sijui kama hakukusudia. Dorah alitoka zamu, akatukuta, akatuamkia wote wawili kwa sauti ya mtu anayepita kando ya mbwa aliyelala.

Jua lilipokuwa juu sana nilishindwa kuendelea. Nilikaa ukingoni. Rosina alihesabu kwa macho nilichochimba.

"Hiyo ni nusu siku, Mwalimu."

"Nimefika kabla ya jua."

"Kwa mteremko huu, na kwa mwendo wako, naandika nusu."

"Napinga," nilisema.

"Andika barua."

Hakucheka alipolisema, ila alipogeuka niliona mabega yake. Aliniletea kiporo cha maharage kwenye bakuli, nikala nikiwa nimekaa pale udongoni, kisha nikashuka polepole nikipita kando, nisikanyage. Maharage niliyopanda katika zile ngolo zangu za kwanza yameanza kupasua ardhi.

Rosina ananidai radhi zaidi ya nilizompa. Mimi namdai nusu siku.